Kusikia na kusikilizia

Nilipoteza hesabu kwenye ishirini na tatu, au labda ishirini na nne. Mkono wa kushoto ulikuwa umepigwa shoti mbili ndogo za kufuatana, nikajua hiyo ni ya kuhesabu, ila nilipotaka kuongeza moja nikakuta sikumbuki naiongeza juu ya ngapi. Nikabaki nimekodolea macho msalaba mdogo uliochorwa kwenye skrini, na shoti zinaendelea kunidonoa, kulia, kushoto, kushoto, kulia, bila kunisubiri.

Nilikuwa nimejitolea mwenyewe. Niliona tangazo la kutafuta watu wazima wenye afya njema, walio tayari kukaa saa mbili wakipimwa umeme wa ubongo, nikasema saa mbili za kukaa haziwezi kumshinda mtu ambaye kazi yake yote ni ya kukaa. Nikavalishwa kofia ya kitambaa yenye matundu 64, kila tundu na elektrodi yake, kila elektrodi ikamiminiwa jeli ya baridi kwa bomba la sindano butu. Kwenye vifundo vya mikono yote miwili nikafungwa vidude vya chuma, juu ya mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo kuelekea kiganjani. Kila umeme ulipopita, kidole gumba kiliruka chenyewe kama kilichotukanwa.

"Mzee wangu, legeza taya," alisema binti aliyekuwa akiendesha jaribio.

"Sijaikaza, binti."

"Umeikaza. Naiona hapa."

Na kweli alikuwa anaiona. Misuli ya taya na ya kope hutoa umeme mwingi kuliko ule wa ubongo unaofanikiwa kupenya fuvu na ngozi ya kichwa. Ukipepesa jicho mara moja, mstari kwenye kompyuta unaweza kuruka zaidi ya mikrovolti 100 (mikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti). Jibu la ubongo kwa mguso mmoja ni mikrovolti chache tu. Ni kama kutaka kusikia mtu akinong'ona nyuma ya ngoma, na ngoma yenyewe ni wewe.

Kazi niliyopewa ilikuwa rahisi kuieleza. Shoti zingekuja mikono yote miwili, bila mpangilio wa kukisia. Nyingi zingekuwa moja moja. Chache zingekuwa pacha, mbili zilizofuatana upesi hadi zikakaribia kuwa moja. Awamu ya kwanza nihesabu pacha za kushoto, za kulia nizipuuze. Awamu inayofuata nigeuze. Macho yasitoke kwenye msalaba. Shoti zenyewe hazibadiliki: nguvu ileile, mahali palepale. Anayebadilika ni mimi.

Tulipofika mapumziko alinipa maji, akageuza kompyuta nione. Palikuwa na mistari miwili, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu, yote ya mkono wangu wa kushoto. Mwekundu ni wa awamu nilizokuwa nikiuhesabia mkono huo. Wa buluu ni wa zile nilizoambiwa niupuuze. Mwanzoni mistari ilikuwa imelaliana hata huwezi kusema ni miwili. Ikapanda pamoja, ikashuka pamoja, ikapanda tena. Halafu ikaachana: mwekundu ukawa na vilima na mabonde, wa buluu ukasinyaa.

"Mpaka hapa ni ngozi yako," akasema, ncha ya kalamu ikiwa pale mistari ilipoachana. "Kuanzia hapa ni wewe."

Nimeibeba sentensi hiyo wiki nyingi. Ni nzuri, na nadhani ina kasoro, tena kasoro hiyo alinionyesha yeye mwenyewe kabla sijaondoka.

Kiswahili kina ujanja wake katika jambo hili. Kitenzi kimoja, kusikia, tumekitwika karibu hisi zote isipokuwa kuona. Nasikia sauti, nasikia baridi, nasikia harufu, nasikia maumivu, nasikia njaa. Halafu mtu anamlalamikia jirani, "Mtoto huyu hasikii," na hakuna anayempeleka mtoto kwa daktari wa masikio. Wote wanaelewa kwamba sauti ilifika. Kilichokosekana ni hatua ya baada ya hapo. Na hatua hiyo ina kitenzi chake. Mtu aliyeng'olewa jino, ganzi ikianza kuisha, ukimuuliza anaendeleaje hujibu, "Nasikilizia." Hakusema anasikia. Amesema akili yake yote ameielekeza kwenye shavu, anangoja kujua kitakuja nini. Mstari wa buluu ulikuwa kusikia. Mwekundu ulikuwa kusikilizia.

Nianze na pale mistari ilipolaliana, maana ndipo paliponishangaza zaidi.

Shoti ikipigwa kwenye kifundo cha mkono, ujumbe wake hupanda kwa nyuzi nene za mshipa wa fahamu, huingia uti wa mgongo shingoni, hupanda kwa njia ya nyuma upande uleule, huvuka kwenda upande wa pili kwenye shina la ubongo, hutua katika thalamasi katikati ya ubongo, kisha hufika kwenye ukanda wa gamba la ubongo ulio nyuma kidogo ya mstari wa kutoka sikio hadi sikio. Mkono wa kushoto hufika ubongo wa kulia. Safari nzima huchukua takriban milisekunde 20, yaani sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kutoka kifundo hadi gamba la ubongo ni karibu mita moja. Gawanya, utapata kasi ya mita 50 kwa sekunde, na hapo vituo vya njiani vimekwishahesabiwa. Hermann von Helmholtz alipopima mwendo wa ujumbe katika mshipa wa chura mwaka 1850 alipata chini ya hapo, karibu mita 30 kwa sekunde, na hata hilo lilikuwa jambo la kushtua, kwa kuwa wakubwa wa sayansi wa wakati wake walidhani mwendo huo haupimiki.

Wimbi linalotokea ujumbe ukifika linaitwa N20. Herufi N ni ya hasi, namba ni milisekunde. Yapo mengine yanayofuata, N na P kwa kupokezana, P ikiwa chanya: P50, P100, N140. Majina makavu kuliko haya ni vigumu kuyapata, lakini yana uaminifu wa majina ya vituo vya reli. Yanakwambia saa ngapi treni imepita.

Kuliona wimbi la N20 haikuwa kazi ndogo. Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani, akauweka kimya hadi 1929 ndipo akachapisha. Alichokuwa akikiona ni mawimbi makubwa ya ubongo wenyewe, usiku na mchana, yenye ukubwa wa makumi ya mikrovolti. Jibu la mguso mmoja limezama humo ndani. Mwaka 1947 George Dawson, London, alimpata mgonjwa mwenye kifafa cha kushtukashtuka ambaye majibu ya ubongo wake yalikuwa makubwa kupita kawaida, akayaona. Kwa watu wa kawaida ilimbidi apige picha mistari mingi na kuilaza mmoja juu ya mwingine kwenye filamu moja: kisichohusiana na shoti kinatawanyika, kinachohusiana nayo kinakolea mahali pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akatengeneza mashine ya kufanya hesabu hiyo ya wastani. Mpaka leo ni hivyohivyo. Ukirudia mara 400, kelele hupungua mara 20, kwa sababu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi. Ndiyo maana niliwekwa kitini saa mbili. Hakuna aliyehitaji uvumilivu wangu. Walihitaji wastani wangu.

Sasa, N20. Elekeza akili kwenye mkono, itakuja. Iondoe, itakuja, na ukubwa wake kwa kawaida haubadiliki. Madaktari wanaopasua mgongo uliopinda huweka elektrodi kwenye mikono na miguu ya mgonjwa na kuangalia mawimbi haya muda wote wa upasuaji, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Baadhi ya dawa za usingizi hulichelewesha wimbi au kulipunguza, lakini hufika, na likianza kutoweka ghafla mpasuaji hujua kwamba huenda uti wa mgongo umebanwa, anasimama. Katika vyumba vya wagonjwa mahututi hutumika kwa swali zito zaidi. Mtu ambaye moyo wake ulisimama ukarudishwa, na siku zinapita hajaamka, hupimwa N20 pande zote mbili. Isipoonekana upande wowote, ni dalili mbaya sana. Ikionekana, si ahadi kwamba ataamka. Ina maana tu kwamba barabara ipo.

Nilifikiri sana juu ya hili. Mtu amelala hajitambui, ukimgusa mkono, gamba la ubongo wake linapokea taarifa kwa wakati uleule ambao langu linapokea. Wahenga walisema macho hayana pazia, ila ukweli ni kwamba macho angalau yana kope. Ngozi ndiyo isiyo na pazia kabisa.

Hapa niweke sawa jambo moja, kwa sababu linachanganywa mara nyingi. Watu wakieleza umakini hupenda kutoa mfano wa saa ya mkononi: huisikii mpaka itajwe. Mfano huo una mambo mawili ndani yake. Baadhi ya vipokezi vya ngozi hutoa taarifa pale tu mgandamizo unapobadilika, kisha hunyamaza. Mkanda wa saa ukikaa kimya, nao hukaa kimya. Hiyo ni kazi ya ngozi, umakini haumo. Vipokezi vingine huendelea kuripoti mgandamizo usiobadilika, na hivyo ndivyo vinavyopuuzwa huko juu ubongoni. Katika maabara hutumiwa shoti au mipigo midogo ya pini inayorudiwarudiwa ili kila mguso uwe habari mpya, ngozi isipewe nafasi ya kuzoea.

Turudi kwenye mistari inapoachana. Katika miaka ya 1970, John Desmedt na wenzake mjini Brussels walikuwa wakiwapiga watu shoti hafifu za vidoleni, haraka haraka na bila mpangilio, wakiwapa kazi kama ile niliyopewa. Makala aliyoichapisha na Robertson mwaka 1977 inaeleza jinsi mawimbi ya vidole vinavyozingatiwa yanavyokuwa makubwa kuliko ya vidole vinavyopuuzwa, hasa lile la karibu na milisekunde 140. Tangu hapo limethibitishwa na maabara nyingi, kwa shoti na kwa mguso wa kawaida. P100 na N140 hukua pale akili ilipo. Eneo linalochangia mawimbi hayo ni pamoja na gamba la pili la mguso, lililojificha kwenye mkunjo wa ubongo juu ya sikio, ambalo hupokea habari za mikono yote miwili. Na shoti ikiwa ndiyo ile hasa unayoingoja, ile pacha ya kuhesabiwa, hufuata wimbi pana chanya kuanzia milisekunde 300 na kuendelea, utosini na nyuma yake. Hilo si la mguso peke yake. Hutokea pia kwa sauti na kwa picha. Ni kama karani amegonga muhuri.

Kati ya N20 na P100 ndipo wataalamu wanapogombana. Kuna majaribio ambamo umakini unagusa mawimbi ya milisekunde 50 au 80, na kuna mengine haugusi kitu. Sehemu ya tofauti inatokana na namna ya kumwelekeza mtu: kumwambia akae na mkono mmoja kwa dakika kadhaa si sawa na kumwonyesha mshale kabla ya kila mguso. Zamani mzozo huu ulikuwa mkubwa zaidi. Mwaka 1958 Donald Broadbent, Mwingereza, alieleza akili kama chujio linalokaa mapema njiani na kuzuia yasiyohitajika yasipite. Waliompinga wakasema kila kitu hupita na kuchambuliwa, uteuzi hufanyika mwishoni. Mkono wangu wa kushoto unawapa wote wawili nusu mkate. Uteuzi upo, na unaanza sehemu ya kumi ya sekunde hivi baada ya mguso, mapema mno kuwa ni uamuzi wa kukaa na kutafakari. Lakini unaanza baada ya mgeni kuwa amekwisha kuingia sebuleni.

Maumivu hufuata kanuni inayofanana, kwa mwendo wa polepole zaidi. Nyuzi zake ni nyembamba: zenye kasi hupeleka ujumbe kwa mita chache tu hadi 30 kwa sekunde, na za polepole kabisa karibu mita 1 kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa kidole cha mguu unajua umejikwaa, unapata nafasi ya kusema "mama yangu", ndipo maumivu yenyewe yanawasili. Watafiti huyapima kwa miali ya leza inayochoma ngozi kidogo bila kuigusa, na mawimbi makubwa yanayojitokeza kati ya milisekunde 200 na 350 hupungua mtu akishughulishwa na kazi nyingine. Muuguzi anayemuuliza mtoto jina la rafiki yake huku sindano ikiingia hajamdanganya mtoto. Amepunguza kitu kinachopimika.

Sasa kasoro ya ile sentensi. Nilimweleza binti kwamba nilipoteza hesabu. Hakushangaa. Akarudisha nyuma rekodi ghafi ya awamu ile, mistari 64 iliyorundikana, akaipitisha taratibu mpaka akafika mahali mistari ya nyuma ya kichwa na ya pembeni ilipoacha kutetemeka ovyo na kuanza kupiga mawimbi ya duara yanayofanana, kumi hivi kwa sekunde.

"Hapa ulikwenda zako," akasema.

"Umejuaje?"

"Hizi huja mtu akipumzika. Ubongo ukiwa hauna shughuli na eneo fulani, eneo hilo hupiga hivi."

Mawimbi hayo, yenye mizunguko kati ya 8 na 13 kwa sekunde, ndiyo Berger aliyoyaita alfa. Yako pia juu ya eneo la mikono, yana jina lake, mu, na huko ndiko hadithi inakonoga. Mtu akiambiwa mguso unakuja mkono wa kushoto, mawimbi hayo hupungua juu ya eneo la mkono huo, upande wa kulia wa ubongo, kabla mguso haujafika. Upande wa pili, wa mkono unaopaswa kupuuzwa, huweza kupanda. Wengi wanayasoma kama breki: pale yanapokuwa makubwa, seli hazisisimki kirahisi. Kwa hiyo kusikilizia kunaanza wakati ngozi bado haijaguswa na kitu. Unapongoja, ubongo umekwisha kufagia upande mmoja na kuweka kiti, na upande wa pili umefunga nusu mlango.

Nikamwambia, basi "wewe" haianzi pale kalamu ilipokuwa. Ilianza kabla ya mwanzo wa mchoro. Akacheka, akasema mchoro ulikatwa hivyo ili utoshe kwenye skrini.

Elektrodi za kichwani zinasikiliza mamilioni ya seli kwa pamoja, kutoka nje ya ukuta. Kujua seli mojamoja inafanya nini kumetegemea zaidi nyani. Mwaka 1993 Steven Hsiao na Kenneth Johnson wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, pamoja na mwenzao, waliwafunza nyani kutambua kwa kidole herufi za kupandishwa zilizopitishwa chini ya ncha ya kidole. Kuna wakati nyani alitakiwa kuzijali herufi, na kuna wakati zilipita vilevile chini ya kidole huku akitakiwa kushughulika na taa kwenye skrini. Karibu nusu ya seli walizopima katika gamba la kwanza la mguso zilibadilisha mwenendo kulingana na kazi. Katika gamba la pili zilikuwa karibu nne kati ya tano. Kadiri unavyopanda ngazi, ndivyo ngozi inavyopungua usemi. Mwaka 2000 kundi la hukohuko likaonyesha jambo jingine: baadhi ya jozi za seli katika gamba la pili hubadilisha kiasi cha kufyatua kwa pamoja, kwa wakati mmoja, nyani anapohama kutoka kutazama kwenda kupapasa. Sauti ya kwaya hubadilika si kwa kupaza tu. Inabadilika pia kwa kuingia pamoja.

Lakini jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Gregg Recanzone na Michael Merzenich huko California, lililochapishwa mwaka 1992. Nyani walipigwa mitikisiko midogo kwenye kipande kilekile cha ngozi ya kidole, siku baada ya siku, maelfu ya mara. Baadhi walitakiwa kutofautisha kasi za mitikisiko hiyo. Wengine walipata mitikisiko ileile vidoleni, ila kazi yao ilikuwa kutofautisha sauti. Waliojali kidole, ramani ya kidole hicho kwenye ubongo ilibadilika na kutanuka. Waliojali sauti, ramani ya kidole haikubadilika hivyo, ingawa ngozi yao ilikuwa imepitia yaleyale. Mwaka uliofuata Alvaro Pascual-Leone na Fernando Torres walipima kwa mawimbi ya mguso watu vipofu wanaosoma nukta za Braille, wakakuta eneo la kidole cha kusomea limepanuka kuliko la kidole cha mkono mwingine, na kuliko la wasiosoma Braille. Ile ramani maarufu ya mwili juu ya gamba la ubongo, ya Penfield na Boldrey ya mwaka 1937, ambamo midomo na vidole ni vikubwa na mgongo ni kijisehemu, tulizoea kuitazama kama ramani ya nchi. Inafanana zaidi na njia za miguu porini: zinabaki pale watu wanapopita, tena wakipita kwa nia.

Nina neno kidogo hapa na wale wanaouza mitambo ya kufinyanga ubongo, utetemeshwe huku unaangalia filamu, ujuzi uje wenyewe. Nyani wa sauti walitetemeshwa vizuri tu.

Awamu ya mwisho aliniomba nikunje mikono, wa kushoto uwe kulia na wa kulia uwe kushoto, nihesabu vilevile. Nilidhani ni mchezo. Ndani ya dakika moja nilikuwa nimechoka kuliko awamu zote zilizotangulia. Kila shoti ilikuja na swali: hii ni ya mkono upi? Wajapani wawili, Yamamoto na Kitazawa, walionyesha mwaka 2001 kwamba watu waliofumba macho, wakiguswa mkono mmoja kisha wa pili kwa kupishana sehemu ndogo ya sekunde, wanajua vizuri upi umetangulia. Wakipishanisha mikono, hesabu inavurugika, na kwa vipindi fulani vifupi wengi hutoa jibu la kinyume kabisa. Na mawimbi nayo hukiri: mikono ikipishana, tofauti kati ya mstari mwekundu na wa buluu hupungua. Umakini wa mguso haujui ngozi peke yake. Unajua pia mahali angani ambapo ngozi hiyo imewekwa, na mambo hayo mawili yakigombana, kusikilizia kunayumba.

Ni jioni hiyo nyumbani ndipo nilipokumbuka malalamiko ya zamani ya mke wangu, kwamba nikiwa nasoma ananigusa bega na sisikii. Nilikuwa nikijitetea kwamba hakunigusa. Sasa nina utetezi mbaya zaidi: alinigusa, taarifa ilifika ubongoni kabla hata hajamaliza kuweka mkono, ikakuta mwenyeji ana shughuli. Nilimweleza hivyo, na milisekunde zake. Akasema afadhali ningebaki na utetezi wa kwanza.

Kuna kingine sikumwambia. Tulipomaliza mikono iliyokunjwa, binti alizima mashine, akaanza kuandika jambo, nami nikabaki na macho kwenye msalaba nikisubiri aseme tumemaliza. Pengine ilikuwa dakika moja, pengine mbili. Alipogeuka akauliza nimefika ngapi.

"Hamsini na moja," nikasema, safari hii nikiwa na hakika.

Akaangalia karatasi yake. Pacha za kushoto zilizotumwa zilikuwa arobaini na nane.

"Na hizi tatu za mwisho?" nikamuuliza. "Hizi zilizokuja sasa hivi?"

Akanionyesha swichi. Taa yake ilikuwa imezimika.